Kupanga chumba na sebule mji mdogo: yaliyonikuta Mafinga, na mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela ya miezi sita

Binti wa Muheza

Habari zenu wakuu. Huu uzi nauandika kwa ajili ya mtu ambaye kesho au keshokutwa anashuka stendi ya mji asioujua, ana mabegi mawili na godoro hajanunua bado, na mkononi ana hela ya kodi ambayo kaikusanya kwa tabu. Mimi nilikuwa huyo mtu. Ni mwalimu, nyumbani Muheza, Tanga, nikapangiwa Mafinga. Kwa wasiopajua, Mafinga ipo Mufindi mkoa wa Iringa, kama kilomita 80 kutoka Iringa mjini ukiwa unaelekea Mbeya, mji wa mbao, kila ukigeuka ni malori ya mbao na mirunda ya msitu wa Sao Hill. Na baridi. Baridi ya kule sikuwa naijua na ndiyo iliyonifundisha kuangalia nyumba.

Nilifika mwishoni mwa mwezi wa nne. Siku tatu nikakaa gesti, kila siku hela inatoka, nikawa na haraka, na haraka yangu ikaonekana. Bodaboda mmoja akaniunganisha na dalali, dalali akachukua 10,000 ya kunizungusha, tukaanza upande wa Kinyanambo tukaja Changarawe, nyumba ya nne ndio nikaipenda. Nyumba tatu zimeungana ndani ya fensi moja, yangu ya pembeni, chumba masta, sebule, jiko dogo, choo cha ndani, jipsamu juu, vigae chini, madirisha ya aluminiamu, rangi inanukia upya. Dalali anaita apatimenti. Kodi 120,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo. Kwa hiyo 720,000 ya mwenye nyumba na 120,000 ya dalali, jumla 840,000, zikatoka siku moja saa nane mchana na jua linawaka vizuri kabisa.

Hiyo saa nane mchana naomba muikumbuke.

Wiki za mwanzo sikuwa na neno. Mwezi wa tano ukaisha, baridi ikaanza kushuka yenyewe, ile ya asubuhi unatoka nje mdomo unatoa moshi. Nikaona dirisha la chumbani linalia maji kila asubuhi. Nikafuta, kesho yake tena. Siku moja natoa viatu vyangu vyeusi vya shule chini ya kitanda, vimeota unga mweupe kama vimemwagiwa ngano. Nikanyanyua godoro, chini yake kuna madoa meusi na limelowa ule unyevu wa kushikashika. Nikakimbilia begi la vyeti maana roho iliniruka, bahasha ilikuwa imelainika kama mkate uliolala nje, vyeti vyenyewe Mungu alisaidia vilikuwa kwenye plastiki. Nikasogeza kabati, ukuta wa nyuma yake ule wa mwisho wa nyumba rangi imevimba, ukiigusa inabonyea, chini inamwagika chumvichumvi.

Fundi mmoja wa ujenzi, mzazi wa mwanafunzi wangu, alikuja kuniangalizia. Hakuchukua hata dakika tano. Akaniuliza, "mwalimu, jua linapita wapi mwezi huu?" Nikawa sijui. Akanitoa nje akanionyesha. Huku kwetu kusini mwa ikweta mwezi wa sita jua limehamia kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini haupati jua hata dakika moja kutwa nzima, na chumba changu cha kulala dirisha lake na ukuta wake mrefu vyote vinatazama kusini, halafu hatua moja na nusu kuna fensi ya tofali. Maji ya bati yanashuka hapo hapo kwenye ule uchochoro, hakuna mfereji, yanakaa. Msingi unanyonya. Akasema hii rangi si kwamba nyumba mpya, wamepaka kuficha.

Jua nililoliona ile saa nane lilikuwa la sebuleni. Chumbani niliingia nikawasha taa, nikasifia vigae, nikatoka.

La pili ni umeme. Dalali alisema "luku ipo" na mimi nikasikia "luku yako ipo". Si kitu kimoja. Mita ilikuwa moja kwa nyumba zote tatu, ipo ukutani kwa jirani wa katikati, tunachanga sawa kwa sawa. Jirani mmoja ana hita ya kuogea na jiko la umeme, mimi nina taa tatu, simu na pasi. Nililalamika wakaniambia ndivyo walivyozoea.

Na la tatu ndio lililonifanya niandike. Usiku wa baridi kali, mwezi wa sita, niliingiza jiko la mkaa chumbani. Nilishaona watu wanaota moto hivyo, nikafunga dirisha na mlango, nikalala. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, natapika, nikafanikiwa kugonga ukuta. Yule mama wa katikati ndiye aliyekuja kusukuma mlango akanitoa nje kwenye umande. Hospitali wakaniambia ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, ukiwa umelala unaweza usiamke. Zile nyumba za aluminiamu na jipsamu zinafunga kabisa, hakuna hata tundu la hewa juu ya dirisha kama nyumba zetu za zamani za pwani. Nyinyi mnaoenda Mafinga, Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, nawaomba kwa hisani yenu, jiko la mkaa libaki nje. Nunua blanketi zito, nunua sweta mbili, chupa ya maji ya moto weka miguuni. Mkaa hapana.

Ntaendelea jinsi nilivyotoka pale na nilivyopata ninapokaa sasa. Ila kwanza wenye uzoefu wa miji mingine leteni na yenu.

---

Mzee wa Yuniti

Dada pole sana, hasa hiyo ya mkaa. Mimi ni fundi umeme wa mtaani, niongezee hapo kwenye luku maana watu wanaumia bila kujua sababu.

Nachukua bei za 2023. Matumizi madogo ya nyumbani yapo kundi la D1, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti moja shilingi 100, ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 na ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 inafika 122. Wanaozidi wapo T1, yuniti 292, na makato yake inakuwa kama 356. Sasa angalia, mtu mmoja na taa tatu na pasi hawezi kumaliza yuniti 75, angekuwa na mita yake angeweza kuwa D1, elfu tano inampa yuniti 41 hivi. Mkichangia nyumba tatu kwenye mita moja lazima mzidi, mnakuwa T1, elfu tano hiyo hiyo ni yuniti 14. Na ukiwa wewe ndio umenunua ya kwanza mwezi huo wanakata na kodi ya jengo. Ilianza mwezi wa nane 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Kwa hiyo kwenye elfu tano inabaki 3,500, yuniti 9 na pointi. Mtu anadhani mita ina wizi kumbe ni hesabu.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji unakatwa kwa sababu wewe ndio unanunua umeme, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba kila mwezi 1,500 inatoka kwenye pango, na meseji za luku usizifute.

Kingine, ukienda kuangalia nyumba omba namba ya mita, nunua ya elfu mbili hapo hapo kwa simu, soma meseji yote. Kama kuna deni la nyuma litaonekana linakatwa. Ni bora upoteze elfu mbili kuliko kurithi deni la mtu usiyemjua.

---

Binti wa Muheza

Mzee wa Yuniti ubarikiwe, hii hesabu ningeipata mwezi wa nne. Kuna mwezi nilinunua ya elfu tano ikaja yuniti tisa nikaenda kugombana na wakala wa watu.

---

Mwenye Vyumba Vinne

Naomba na mimi nisikike, maana nyuzi za namna hii wenye nyumba huwa tunapigwa mawe. Nina vyumba vinne mji mdogo kanda ya ziwa, nimejenga kwa mkopo wa benki nikiwa kazini. Kwa nini nachukua miezi sita? Kwa sababu mji mdogo wapangaji ni wachache na wanahama ghafla. Mtumishi anapata uhamisho, kijana wa kampuni mradi unaisha, anaondoka Jumamosi usiku anakuachia bili ya maji na choo kimeziba. Nikipokea mwezi mwezi siwezi kulipa rejesho. Hela ya miezi sita ndio ninayonunulia bati na kuchimbia shimo la choo.

Ila kwenye unyevu nakubaliana na dada moja kwa moja. Kupaka rangi juu ya ukuta unaonyonya maji na kumkabidhi mtu ufunguo ni kumdanganya, hakuna jina lingine. Kuchimba mfereji na kuweka gata ni gharama ya siku mbili tatu za fundi. Nyumba yangu moja ilikuwa na shida hiyo, nikaiacha wazi miezi miwili ikakauka, nikapiga plasta upya. Niliumia lakini mpangaji aliyeingia yupo mpaka leo mwaka wa nne.

Na wapangaji nanyi semeni mapema. Unakaa na koki inavuja miezi mitatu hunipigii, ukuta ukilowa unasema nyumba mbovu.

---

Voi Kwetu

Salamu kutoka Voi, Taita Taveta. Huku Kenya mambo ni tofauti kidogo, nimeshangaa hiyo ya miezi sita aisee. Sisi wan bedirumu unalipa kodi ya mwezi wa kwanza na depoziti ya mwezi mmoja, basi unaingia, halafu kila mwezi kabla ya tarehe tano unalipa. Mimi nalipa elfu tisa, kuna keateka (msimamizi wa nyumba) hapo ploti anakusanya. Mtu wa mshahara wa kila mwezi anapumua.

Lakini msidhani ni raha. Shida yetu ni depoziti. Ukihama mwenye ploti anakuambia amepaka rangi, amebadilisha kitasa, depoziti imeisha. Mimi siku ya kuingia nilipiga video nyumba nzima, kila ukuta, kila soketi, sinki, bakuli la choo, nikamtumia keateka WhatsApp siku ile ile ili tarehe ibaki. Nilipohama ile ya kwanza alianza hadithi, nikamfungulia video. Alinirudishia yote.

Na pia watu wasidanganywe ati kuna korti ya kodi inakulinda na kila kitu. Ile sheria ya Rent Restriction iko, Cap 296, lakini inashika nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wan bedirumu ya 2,500 utaipata wapi sasa? Karatasi yako ya makubaliano ndiyo itakusaidia.

Maji ndio uulize sana miji kama Voi. Usiulize "kuna maji?", kila mtu atasema yapo. Uliza yanakuja siku gani na tangi ni lita ngapi kwa nyumba ngapi.

---

Binti wa Muheza

Voi Kwetu asante sana ndugu yangu. Hilo swali la maji nimeliandika. Pale kwangu simtanki ilikuwa moja ya lita 1,000 kwa nyumba tatu, na pampu ya kupandishia inatumia ile ile luku ya kuchangia, kwa hiyo umeme ukikatika au yuniti zikiisha usiku, asubuhi hakuna maji. Hayo yanashikana, mtu asiangalie umeme peke yake.

---

Kahama Juu ya Jua

Mimi niko Kahama, shida zetu kinyume chako mwalimu. Huku ukipata chumba ambacho dirisha linatazama magharibi jua la jioni linapiga ukuta, usiku ukuta unatoa joto mpaka saa saba. Nilipanga hivyo mwaka mzima nikawa nalala sebuleni sakafuni. Kwa hiyo nakuunga mkono, nyumba iangaliwe mara mbili, asubuhi na jioni, na usiku kama inawezekana. Usiku ndio unajua kama kuna baa nyuma.

---

Rehema_N

Dada mwalimu, mbona hujasema lile la wasichana? Mimi nilihamia Babati, mwenye nyumba wa kwanza kaniuliza umeolewa, wa pili kaniuliza mwanaume atakuwa anakuja, wa tatu anasema anataka "familia". Nilikaa gesti wiki mbili. Wewe ulifanyaje?

---

Binti wa Muheza

Rehema mdogo wangu hilo lipo na linaumiza. Ile nyumba ya kwanza hawakuniuliza kwa sababu walitaka hela tu. Ninapokaa sasa niliulizwa, ila namna alivyouliza yule mzee ilikuwa tofauti, alisema "binti yangu, nyumbani wanajua uko huku? Nipe namba ya mtu mmoja nikupatie na yangu umpe, ukiugua nijue wa kumpigia." Sikuona kama napimwa. Anayekuuliza nani anaingia na nani anatoka kabla hata hajakuonyesha choo, huyo kila siku atakuwa dirishani. Mimi ningemuaga tu.

Kilichonisaidia sana ni kutangulizwa na mtu. Mji mdogo ukienda mlangoni peke yako wewe ni mgeni, ukienda na mtu anayejulikana wewe ni wa kwake. Sasa ngoja niendelee maana niliahidi.

Baada ya ile ya mkaa nilirudi shule nikamwambia mwalimu mkuu msaidizi, mama wa Kihehe, akaniambia mwanangu ungenambia mapema, huku nyumba nzuri haziko kwa madalali. Akanipeleka kwa mama anayeuza chapati na uji karibu na geti la shule. Yule mama anajua kila nyumba inayobaki wazi, nani anahama mwisho wa mwezi na anahama kwa nini. Hiyo "kwa nini" dalali hawezi kukuambia. Akanitajia nyumba tatu, moja akaniambia hiyo usiende choo chao kinajaa kila mvua, nyingine ipo jirani na karakana ya mbao, mashine za kuranda zinaanza saa moja asubuhi na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye sufuria. Ya tatu ndio hii.

Ni ya mzee mstaafu anayekaa hapo hapo kiwanjani na mkewe. Chumba kimoja na sebule, choo ndani, jiko kikorido. Tofali za kuchoma, siling bodi ya mbao, chini saruji nyekundu inang'arishwa kwa nta. Haina vigae wala jipsamu. Dirisha la chumbani mashariki, la sebule kaskazini. Nilienda mara ya kwanza saa moja asubuhi kabla ya kipindi, nikakuta mstari wa jua upo katikati ya kitanda cha aliyekuwa anahama. Nikagusa ukuta kwa kiganja chote, chini kabisa karibu na sakafu, mkavu. Nikanusa kabati. Nikavuta maji ya choo, nikafungua koki zote mbili kwa pamoja. Aliyekuwa anahama nikamuuliza uso kwa uso, akasema anaenda Songea mumewe kahamishwa, na kwamba shida pekee ni mtandao wa simu unasumbua ukiwa jikoni.

Kodi 80,000. Nilimwambia mzee ukweli, kwamba hela yangu imekwama kwingine, akakubali miezi mitatu. Luku ya peke yangu. Na kwenye karatasi ameandika kwa mkono wake kwamba kodi ya jengo ni yake.

---

Wakili wa Kata

Niongeze upande wa haki kidogo, si ushauri wa kesi yako, ni kwa ujumla. Tanzania tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Tangu hapo hakuna chombo kinachosema kodi isizidi kiasi gani wala miezi mingapi, ni makubaliano yenu, yanasimamiwa na Sheria ya Ardhi kwenye sehemu ya upangaji pamoja na sheria ya mikataba. Kwa hiyo ukisaini miezi sita bila kipengele cha kuvunja mkataba, umejifunga mwenyewe.

Wengi wanakimbilia kuandikishana tarehe, jina na kiasi. Andikeni na hali ya nyumba siku ya kuingia, mita ya nani, maji yanalipwaje, matengenezo yapi ni ya nani, notisi ya muda gani, na ukiondoka mapema kwa sababu nyumba haikaliki hela iliyobaki inarudi vipi. Mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri na mashahidi wawili wasaini. Ukitokea mgogoro, unaanza baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, lina siku 30. Wakishindwa ndio unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hela ya mwezi mmoja au miwili watu wengi wanamalizana kwa mwenyekiti, na mji mdogo hiyo ina nguvu kwa sababu mwenye nyumba anamjua mwenyekiti na anajali jina lake.

Na hakikisha unayempa hela ndiye mwenye nyumba. Kuna wapangaji wanapangisha tena, kuna ndugu wanagombania mirathi. Mwenyekiti atakuambia.

---

Kijana wa Makambako

Dada ile hela ya nyumba ya kwanza ilirudi au ndio ilienda?

---

Binti wa Muheza

Kijana wa Makambako, ilirudi sehemu, na nieleze vizuri maana ni sawa na alivyosema Wakili.

Nilikaa mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Imebaki miezi mitatu, 360,000. Kwanza nilimpigia simu mwenye nyumba, anakaa Iringa, akasema fungua madirisha. Nikampigia picha ukuta, godoro, viatu, nikamtumia, akasoma akanyamaza. Mkataba wangu ulikuwa nusu karatasi, hauna neno lolote kuhusu hali ya nyumba. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na zile picha na karatasi ya hospitali. Mwenyekiti hakupiga kelele, alimpigia simu mbele yangu akamwambia njoo Jumamosi uone nyumba yako, kuna mtoto wa watu nusura afie humo.

Kweli alikuja. Tukasogeza kabati yeye mwenyewe akiwepo, na alipoweka mkono ukutani alibaki kimya muda. Akasema alimwachia ndugu yake asimamie ukarabati, hela ya mfereji alitoa na mfereji haukuchimbwa. Sijui kama ni kweli ila alionekana kuumia. Tukaandikiana mbele ya mwenyekiti anirudishie miezi miwili, 240,000, mwezi mmoja ubaki kwake. Alitoa 120,000 pale pale. Nyingine ilichelewa, nilimpigia mara nne, ikaingia mwezi wa kumi katikati. Hela ya dalali haikurudi.

Godoro nililitupa. Nililinunua 180,000 na lilikuwa na miezi mitatu.

---

Mwenye Vyumba Vinne

Mwalimu huyo mwenye nyumba amefanya ya kiungwana mwishoni, na wewe pia hukumtukana. Swali, kile chumba sasa kuna mtu?

---

Binti wa Muheza

Kuna mtu ndio. Na hapa nilipata kazi moyoni. Mwezi wa kumi na moja nilipita nikaona taa zinawaka, nikajua kuna mgeni ameingia, nikarudi nyumbani nikashindwa kukaa. Kesho yake jioni nikaenda kugonga. Ni kijana wa kampuni ya mbao na mkewe ana mimba kubwa. Nikajitambulisha kwamba nilikaa hapa, nikawauliza kama nyuma ya nyumba pamechimbwa. Akanizungusha, mfereji upo, umepigwa saruji, gata limewekwa, maji yanaelekea barabarani, na ukuta wa nje wamebandua plasta wakapiga nyingine. Mita bado moja lakini wamefungiwa vimita vidogo ndani kila nyumba inajua yake. Mvua zilikuwa zimeshaanza na chini ya ukuta pakavu, nilichuchumaa nikagusa.

Nilichowaambia ni jua. Kwamba ikifika mwezi wa tano wahamishie kitanda sebuleni mpaka mwezi wa nane, kile chumba wawekee vyombo, na kabati lisigusane na ukuta, liache nafasi ya kiganja hewa ipite. Na mkaa. Yule dada alishika tumbo akasema jana tu walikuwa wameingiza jiko kwa ajili ya kukaushia nguo za mtoto. Tukalitoa pamoja, tukaliweka pale kibarazani.

---

Rehema_N

Dah. Dada Mungu akuzidishie. Mimi Jumamosi naenda kuangalia chumba na sebule maeneo ya stendi, 70,000, wanataka miezi mitatu. Niende saa ngapi?

---

Binti wa Muheza

Nenda saa moja asubuhi mdogo wangu, halafu rudi saa mbili usiku usikie kelele za stendi. Babati nayo ina baridi yake, shika ukuta chini kabisa. Nunua luku ya elfu mbili. Muulize anayehama. Na usiende na hela kwenye pochi siku hiyo, iache nyumbani hata nyumba ikiwa nzuri namna gani, hela utapeleka kesho yake ukiwa umelala ukafikiria. Ukimaliza niandikie hapa niambie dirisha la chumbani linatazama wapi.